Kulia sawa, lakini «hapana» ya binti iko wapi? Filme za mapendo za Kihindi na mabishano yake ku Kasapa

Tarehe 28 Novemba 2025, filme ya Kihindi yenye jina Tere Ishk Mein iliingia katika majumba ya sinema ya India na ya inchi zingine. Watu walitoka wakilia, na wengine walitoka wakikasirika. Swali linalowagawa ni moja, na vijana wa Kasapa wanalijua vizuri: kijana anayependa mpaka kuharibu kila kitu, ni mpenzi ao ni hatari?

Ku Lubumbashi, filme za namna hii hazingojei jumba la sinema. Zinapita kwa telefone, kwa kadi ndogo ya memori, kwa flashi inayotoka chumba hiki na kuingia kile. Wanafunzi wanaangalia wanne, watano juu ya mashine moja, mbele SNEL haijakata umeme. Filme ikiisha, mabishano yanaanza. Na mara nyingi si mabishano juu ya India. Ni juu ya maisha ya hapa: mapendo, wazazi, mahari, kabila, na mtu anayekataa kuachwa.

Filme inasema nini

Tere Ishk Mein maana yake ni «katika mapendo yako». Neno «ishk» linatoka katika Kiarabu, na ni ndugu ya neno «ashiki» ambalo Waswahili wa pwani wanatumia kwa mapendo makali. Filme ni ya Aanand L. Rai, muziki ni wa A. R. Rahman, na wachezaji wakubwa ni Dhanush na Kriti Sanon.

Mukti anafanya utafiti wa udaktari katika saikolojia. Anataka kuhakikisha kwamba mtu mwenye fujo anaweza kugeuka. Anamchagua Shankar, mwanafunzi wa Delhi anayejulikana kwa kupiga watu, ili awe mfano wa kazi yake. Binti anatafuta matokeo ya utafiti. Kijana yeye anaona mapendo. Siku anapotambua kwamba binti hakumpenda vile alivyofikiri, moto unawaka. Miaka inapita, Shankar anakuwa rubani wa jeshi la anga, na Mukti njo anayepaswa kupima akili yake mbele arudi kuruka. Hakuna mwisho wa furaha.

Ku Kasapa, pahali chuo kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kina kitivo cha saikolojia, hadithi hiyo haiko mbali. Kuna wenye kuandika kazi ya mwisho wa masomo, kuna wenye kuhojiwa, kuna wenye kusaidiana usiku kwa kusoma, na kuna anayefikiri kwamba msaada ni ahadi.

Makundi matatu ya wenye kuangalia

Aanand L. Rai na Dhanush walisikia mabishano haya tangu mwaka 2013, kwa filme yao Raanjhanaa. Ndani yake, Kundan, mtoto wa kuhani wa Kihindu mu mji wa Varanasi, anampenda Zoya, binti Mwislamu, tangu wakiwa watoto. Anamfuata barabarani. Binti akikataa, anajikata mkono mbele yake. Miaka mingi kisha, Zoya anapenda mwanaume mwingine, na mambo yanaishia katika kifo.

Mbele ya filme hizo mbili, wenye kuangalia wanagawanyika karibu sawasawa popote zinapofika.

Kundi la kwanza ni wale wanaolia. Kwao, Kundan na Shankar ni watu maskini wa moyo safi, waliotoa yote na hawakupata kitu. Hawaangalii sheria, wanaangalia maumivu. Wengi wao ni vijana wanaume ambao walishaka kukataliwa na hawakuwa na mtu wa kuambia. Giza la chumba na muziki wa Rahman vinawapa ruhusa ya kulia, ruhusa ambayo maisha ya kila siku inawanyima.

Kundi la pili ni wale wanaomlaumu binti. Wanasema alimchezea, alimtumia, kisha alimtupa. Maneno yao hayako bure: Mukti alimwingiza mtu katika kazi yake bila kufikiri moyo wake utafanya nini, na Zoya naye anafanya mabaya makubwa. Lakini kundi hili linaenda mbali zaidi. Kwao, kosa la binti linamupa kijana haki juu yake.

Kundi la tatu ni wale wanaosema: acheni kuita ile mapendo. Huko India, waandishi wengi walisema mwaka 2013 kwamba Raanjhanaa ilimpamba mtu anayemwandama binti na kumfanya shujaa. Wakati ulikuwa mkali. Miezi sita tu mbele ya filme, mu Desemba 2012, mwanafunzi mmoja wa Delhi alibakwa na kundi la wanaume ndani ya basi, na alikufa. Mwaka ule ule wa 2013, bunge la India lilibadilisha sheria ya makosa na kuandika waziwazi kwamba kumfuata mwanamke bila kukoma, wakati yeye ameshaonyesha kwamba hataki, ni kosa la kufungwa.

Kwa hiyo mtu anayelia na mtu anayekasirika walikuwa wanaangalia kitendo kimoja. Wa kwanza alisimama upande wa anayefuata; wa pili alisimama upande wa anayefuatwa.

Machozi si jambo jipya

Kulia mbele ya filme ya Kihindi si ugonjwa wa vijana wa leo. Mu Julai 2025, filme Saiyaara ya Mohit Suri, juu ya mwanamuziki na mpenzi wake anayeanza kupoteza kumbukumbu akiwa bado kijana, ilijaza telefone za watu na video za watazamaji wakilia kwa sauti, wengine wakianguka. Mmoja alionekana sinemani na mpira wa serumu mkononi. Kukawa na waliosema kwamba sehemu ya ile ilikuwa biashara ya kutangaza filme. Pengine, lakini filme yenyewe ilipata pesa nyingi sana, na matangazo peke yake hayawezi kuleta mamilioni ya watu.

Afrika ya Mashariki ilijua mambo haya zamani. Mu miaka ya 1950, filme Awara ya Raj Kapoor na Nargis, iliyotoka mwaka 1951, iliwatikisa watu wa Zanzibar. Laura Fair, mwanahistoria wa Marekani aliyeongea na wazee waliokuwa vijana wakati ule, ameonyesha kwamba filme hiyo haikuwa kujifurahisha tu. Familia ziliangalia pamoja, kisha nyumbani na njiani watu walibishana: je, mtu anaweza kuchagua mwenyewe wa kuoana naye, ao ni kazi ya wazazi? Kitu kigumu kusema mbele ya baba kilisemwa kwa njia ya Raj Kapoor.

Lubumbashi ilikuwa na njia yake. Wazee wanakumbuka kundi la Mufwankolo, lililocheza ku redio na ku televizio mambo ya ndoa, deni, ulevi na wivu, kwa Kiswahili cha mji wenyewe. Mufwankolo alichekesha, filme ya Kihindi inaliza, lakini kazi ni moja: kuweka jambo la nyumbani mbele ya watu wote bila kutaja jina la jirani.

Nani anatafsiri, na anaongeza nini?

Watu wengi wa mashariki ya Kongo hawasikii Kihindi. Wanasikia sauti ya mtu mwingine juu yake. Tangu mwaka 2015, televizio Zee Magic inaleta michezo ya Kihindi kwa Kifaransa katika inchi za Afrika zinazosema Kifaransa, na majina ya wachezaji wake yameingia majumbani. Upande wa Uvira, Bukavu na Goma, kuna pia filme zenye sauti ya Kiswahili kutoka Tanzania, ambako watu kama Lufufu wa Dar es Salaam walijulikana kwa kueleza filme nzima kwa sauti moja, wakichanganya tafsiri, maelezo na mizaha yao.

Sauti hiyo ina nguvu kuliko watu wanavyofikiri. Binti ndani ya filme anaweza kusema kwa ukali kwamba hataki. Mwenye kueleza akicheka na kusema kwamba anajifanya tu, mwenye kuangalia anapokea filme nyingine. «Hapana» imekuwa «ngoja kidogo». Na ule mzaha wa dakika moja unaweza kukaa kichwani mwa kijana kuliko filme yote.

Wazo hilo halikuletwa na filme peke yake. Katika familia nyingi, binti anafundishwa asikubali mara ya kwanza, ili asionekane rahisi. Kijana anafundishwa asichoke. Mafundisho hayo mawili yakikutana, hakuna tena anayejua «hapana» ya kweli iko wapi. Ile ya adabu na ile ya woga zinafanana kwa sikio la mtu asiyetaka kusikia.

Kwa nini Katanga inazisikia filme hizi sana

Kuna sababu nyingine ya machozi, na ni ya heshima. Filme nyingi za huzuni za Kihindi hazisemi tu juu ya kijana na binti. Zinasema juu ya watu wawili ambao jamaa zao hazitaki waoane. Mu Ek Duuje Ke Liye ya mwaka 1981, kijana ni Mtamil wa kusini, binti ni wa kaskazini, na wazazi wao ni majirani wasiopatana. Mu Qayamat Se Qayamat Tak ya mwaka 1988, ni familia mbili zenye kisasi. Mu Raanjhanaa, dini ni ukuta.

Mkaaji wa Lubumbashi anaielewa hadithi ya namna hiyo bila tafsiri. Mu 1992 na 1993, wakati jimbo lilikuwa bado linaitwa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa wingi, zaidi sana ku Likasi na Kolwezi. Kulikuwa na nyumba ambamo baba ni wa upande mmoja na mama ni wa upande mwingine. Kuna waliopanda treni na kuna waliobaki, na kuna watoto ambao hawakujua waitwe nani. Wanahistoria wa UNILU, kati yao Donatien Dibwe dia Mwembu, wameandika juu ya kuishi pamoja katika Katanga, na ndoa za mchanganyiko ni sehemu ya maisha hayo.

Mpaka leo, mchumba akiletwa nyumbani, swali «ni mtoto wa nani, wa wapi?» linakuja mbele ya «anafanya kazi gani?». Kisha kunakuja mahari. Sheria ya familia ya Kongo inaiomba ili ndoa iandikwe, na kwa kijana asiye na kazi mahari inaweza kuwa ukuta sawa na ule wa dini huko Varanasi. Kwa hiyo kijana wa Kasapa akilia juu ya wapenzi waliotenganishwa na wazazi, halii juu ya Wahindi. Pengine analia juu ya barua ya familia ambayo haikujibiwa.

Lakini hapa kuna mtego. Hadithi ya wapenzi wawili waliozuiliwa na wazazi si hadithi ya mtu mmoja anayemlazimisha mwenzake. Mu ile ya kwanza, wote wawili wanasema ndiyo, na ukuta uko inje. Mu ya pili, ukuta ni binti mwenyewe, ni neno lake. Filme kama Raanjhanaa zinavalisha hadithi ya pili nguo za ile ya kwanza: muziki ni ule ule, mvua ni ile ile, machozi ni yale yale. Njo maana wenye kuangalia wanachanganyikiwa, na wanamlilia mtu ambaye barabarani wangemkimbia.

Sheria ya hapa inasema nini

Sheria ya Kongo haiko kimya. Ile ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya jeuri za ngono iliingiza katika kitabu cha makosa kosa la kumsumbua mtu bila kukoma, kwa maneno, kwa matendo, kwa vitisho ao kwa kutumia mamlaka, ili kupata mambo ya ngono. Azabu yake ni kifungo cha mwaka 1 mpaka 12. Sheria hiyo inaazibu pia kumlazimisha mtu kuoa ao kuolewa, vilevile kwa kifungo cha mwaka 1 mpaka 12. Na sheria ya familia, vile ilivyobadilishwa mu Julai 2016, inaweka miaka 18 kuwa umri wa kuoana, kwa mwanaume na kwa mwanamke.

Kwa hiyo baba wa filme anayemfunga binti ili aolewe na mtu asiyemtaka, na kijana wa filme anayemfuata binti kwa vitisho ili alale naye, wote wawili wangeweza kusimama mbele ya mwamuzi hapa kwetu. Filme inamchukia wa kwanza na inamlilia wa pili, lakini sheria inawaweka katika kitabu kimoja.

Mambo haya hayabaki ndani ya filme. Katika vyuo vya inchi, wanafunzi wanaongea wazi juu ya pointi zinazoombwa kwa kubadilisha na mwili. Wanaongea pia, lakini kwa sauti ya chini, juu ya kijana aliyemlipia binti minervali ao kodi ya chumba, na ambaye siku binti anasema «tuachane» anatoa karatasi ya hesabu. Ao anatisha kutoa picha. Ao anakuja kusimama mbele ya mlango usiku, analia, anaapa kwamba atajiua. Watu wa kando wanamhurumia, wanamwambia binti: muhurumie, anakupenda kweli. Ni sauti ya kundi la kwanza, inatoka ku filme na kuingia ku kartie.

Ni kweli kwamba anayedanganya kwa kula pesa ya mwenzake anafanya vibaya, awe binti ao kijana. Deni linaweza kuongelewa, hata kulipwa. Lakini halilipwi kwa mwili wala kwa ndoa. Na huruma kwa anayelia haiwezi kumkalisha mwingine katika hofu.

Kifo kama ushahidi wa mapendo

Jambo la mwisho ni zito. Filme hizi zinapenda kuthibitisha mapendo kwa kifo. Devdas, aliyezaliwa katika kitabu cha Sarat Chandra Chattopadhyay mwaka 1917, amechezwa mara nyingi, kati yake 1935, 1955 na 2002, na kila mara anakunywa mpaka anakufa mbele ya mlango wa yule aliyempenda. Kisha Ek Duuje Ke Liye kutoka, huko India kulisikika habari za vijana wapenzi waliojiua, na K. Balachander aliyeitengeneza aliulizwa sana juu ya ule mwisho wake.

Mwaka 2025, swali la mwisho lilirudi kwa njia nyingine. Tarehe 1 Agosti, kampuni Eros ilitoa tena Raanjhanaa kwa Kitamil, kwa jina Ambikapathy, na mwisho uliobadilishwa kwa akili mnemba: Kundan anabaki mzima. Aanand L. Rai na Dhanush walipinga waziwazi, kwani hakuna aliyewaomba ruhusa, na Dhanush alisema kwamba filme imenyang'anywa roho yake. Wenye kuangalia nao waligawanyika. Kuna waliofurahi kumuona kijana wao anafungua macho.

Lakini angalia kitu kimoja. Mashine ilibadilisha kifo cha kijana, haikugusa mwanzo wa hadithi. Kundan anayejikata mkono ili binti aseme ndiyo alibaki vile alivyokuwa. Kama mtu alitaka kuirekebisha filme ile, pahali pa kuanzia palikuwa pale barabarani, siku Zoya aliposema hapana mara ya kwanza.

Mtu anayesema «nitajiua ukiniacha» anahitaji msaada, na anahitaji leo: ndugu, mchungaji ao imamu, mnganga, rafiki wa kukaa naye usiku asibaki peke yake. Hilo ni kazi ya watu wengi. Binti aliyesema hapana hawezi kubebeshwa peke yake, kana kwamba ndiyo yake njo dawa.

Mabishano ya kuendelea

Hakuna sababu ya kuwanyima vijana wa Kasapa filme hizi. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji waliweka kamisyo ya kuchagua filme ambazo Mkongo aliruhusiwa kuona, wakifikiri hana akili ya kutofautisha. Wenye kuangalia wana akili hiyo. Mabishano yenyewe ni ushahidi: watu wanaobishana wameshaanza kutofautisha.

Kitu kinachokosekana mara nyingi ni sauti moja katika chumba. Vijana wanaume wakiangalia peke yao, kundi la tatu halina msemaji. Dada, yaya, mama wakikaa pia mbele ya mashine, maswali yanabadilika. Mtu anauliza: pale anapomfuata mpaka kwao, binti anafikiri nini? Angekuwa mdogo wako, ungesema ni mapendo? Na Mukti, aliyeleta moto ule kwa utafiti wake, alipaswa kumwambia Shankar nini, na siku gani?

Katika Raanjhanaa, hata mwisho, maneno ya kuaga ni ya Kundan: yeye njo anatueleza moyo wake wakati anapokufa. Zoya anabaki, na filme inaisha bila sisi kujua atarudi nyumbani namna gani.